Iulize Kwanza Unachokijua

Watu wazima wanaokuja kujifunza akili mnemba, yaani AI, hutarajia niwashe projekta. Wanasubiri mishale, visanduku, na historia inayoanzia mkutano wa Dartmouth wa mwaka 1956, kule Marekani, uliolipa somo hili jina lake. Siiwashi. Ninawaomba watoe simu, wafungue programu ya mazungumzo waliyo nayo, na waiulize swali moja la kazi yao wenyewe, swali ambalo jibu lake wangelitoa hata wakiamshwa usiku wa manane.

Fundi cherehani mmoja aliuliza namna ya kukata mkono wa gauni ili begani usivute. Mwalimu mstaafu aliuliza kwa nini kuna majira ya mwaka. Muuguzi aliuliza jinsi ya kupima shinikizo la damu. Chumba kikawa kimya, vidole vinasogeza maandishi, kisha mtu akaguna: "Inajua, bwana!" Ilikuwa inajua kweli. Mwalimu mstaafu alipata maelezo safi kuhusu kuinama kwa mhimili wa dunia, akakiri kwamba yamepangwa vizuri kuliko baadhi ya vitabu alivyowahi kufundishia. Fundi ndiye aliyekunja uso. Hatua zote zilikuwa sawa isipokuwa moja: mashine ilimwagiza akate kichwa cha mkono kilingane sawasawa na tundu la bega. "Kwa kitambaa kisichonyumbulika? Hapa lazima uache ziada kidogo, la sivyo mkono utavuta vilevile."

Nikamwomba alisome jibu lote kwa sauti. Tukasikia sentensi yenye kosa ikitoka kwa utulivu uleule wa sentensi zilizo sahihi. Haikusita wala haikusema "nadhani". Mtu asiye na hakika hujulikana: anaangalia pembeni, anazunguka, anapunguza sauti. Tumejifunza kuzisoma dalili hizo tangu utotoni, na bila kujua ndizo tunazotumia kuamua nani wa kumwamini. Mashine inayoandika haina dalili hizo, au inazo mahali pasipo pake. Jaribu kuiambia imekosea pale ilipopatia. Mara nyingine itaomba radhi kwa unyenyekevu na kukubadilishia jibu sahihi kwa la uongo.

Zoezi hili nalipenda kwa sababu nyingine pia. Kozi nyingi za akili mnemba humchukulia mtu wa kawaida kama asiyejua kitu, kisha zinamjaza istilahi. Lakini fundi yule alikuwa na kitu ambacho mtaalamu wa kompyuta aliyeijenga ile programu pengine hana, yaani kipimo. Anajua mkono unaovuta unavyofanana. Kila mtu mzima ana eneo moja au mawili ya maisha ambamo hadanganyiki kirahisi, na hapo ndipo pa kuanzia. Akishaona kwa macho yake mashine ikipatia mara tisa na kuteleza ya kumi, ndani ya jambo analolimudu, hahitaji hotuba yangu juu ya tahadhari. Swali linamjia lenyewe: kama hapa imekosea nami nimeona, imekosea mara ngapi pale nisipoweza kuona?

Hapo wanataka kujua inafanyaje kazi, na huu ndio wakati mzuri wa kueleza kwa sababu sasa wana sababu ya kusikiliza. Ninawapa mchezo. Nasema, "Haraka haraka haina…" na chumba kizima kinajibu kwa pamoja. Kisha nasema, "Jana usiku mlango uligongwa, nilipofungua nikamwona…" Hapo majibu yanatawanyika: jirani, askari, shangazi, na daima yupo mmoja anayesema paka. Ninawauliza: kuna aliyetaka kujua kama mlango uligongwa kweli? Hakuna. Mlimalizia tu sentensi kwa neno linaloelekea kufaa, kutokana na maelfu ya sentensi mlizowahi kusikia.

Hicho ndicho kiini cha mifumo hii ya lugha. Imesomeshwa maandishi mengi kupita kiasi ambacho binadamu angeweza kuyasoma katika maisha yake, na kazi iliyozoezwa ni kukisia kipande cha neno kinachofuata, kisha kingine, kisha kingine. Muundo wa programu unaowezesha hayo, unaoitwa transfoma, ulielezwa na watafiti wa Google mwaka 2017. Ukubwa wa data na wa kompyuta ndio uliofanya mengine. Kukisia huko kunahitaji ujuzi mwingi kuliko kunavyosikika, maana huwezi kumalizia vizuri sentensi ya fizikia bila kubeba kitu kinachofanana na fizikia. Ndiyo maana inapatia mara nyingi. Lakini kwenye mchezo wenyewe hakuna hatua ya lazima ya kwenda mlangoni kuangalia nani amegonga. Siku hizi programu nyingi hutafuta mtandaoni na kukuwekea viungo chini ya jibu, jambo linalosaidia mradi uvifungue. Nimeona mara nyingi kiungo kikielekeza kwenye ukurasa halisi ambao hausemi kabisa kile ambacho jibu linadai unasema.

Kuna hatua ya pili ambayo watu hawaitarajii. Baada ya kusomeshwa maandishi, mfumo hufunzwa kwa maoni ya binadamu: watu wanaonyeshwa majibu, wanachagua lililo bora, na mfumo unaelekezwa kwenye yale yanayopendwa. Binadamu tunapenda kukubaliwa. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kuondoa toleo jipya la ChatGPT, programu yake ya mazungumzo, siku chache tu baada ya kulitoa, kwa sababu lilikuwa likiwasifu watumiaji kupita kiasi na kuunga mkono karibu kila walichosema. Kwa hiyo nawafundisha kuuliza bila kuvujisha jibu wanalolitaka. "Nieleze faida na hasara za mpango huu" humpa mtu kitu tofauti kabisa na "Mpango wangu ni mzuri, sivyo?" Mama mmoja mfanyabiashara alijaribu maswali yote mawili juu ya biashara yake. Aliyasoma majibu akacheka: "Hii ya pili ni kama wale wapambe wangu."

Jambo ninalotumia muda mrefu zaidi kulifundisha ni uhakiki, na hapo ninatumia kesi ya New York. Mwaka 2023 mawakili wawili waliwasilisha mahakamani hoja katika shauri dhidi ya shirika la ndege la Avianca, wakinukuu hukumu za zamani zenye majina, namba na hata dondoo za majaji. Hukumu kadhaa kati ya hizo hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote, ChatGPT ilizitunga. Jaji aliwatoza, pamoja na ofisi yao, faini ya dola 5,000. Kesi hii husimuliwa kwa kicheko, lakini kipande chenye mafunzo kina aibu ndogo na maana kubwa. Mmoja wao aliingiwa na shaka. Akaiuliza mashine ileile kama hukumu mojawapo ni ya kweli. Ikamjibu ndiyo, ikaongeza kwamba inapatikana kwenye hazina za kisheria zinazoaminika.

Watu wengi hufanya hivyo na huona wamehakiki. "Una uhakika?" "Ndiyo, nina uhakika." Aliyemalizia sentensi ya kwanza anamalizia na ya pili kwa njia ileile. Uhakiki ni kutoka nje ya mazungumzo: kufungua kitabu, tovuti ya taasisi inayohusika, waraka wenyewe, au kumpigia mtu anayejua. Nawaonyesha pia kwamba jaji yule hakuwalaumu mawakili kwa kutumia akili mnemba. Alisema kutumia nyenzo ya kuaminika si kosa; tatizo ni kwamba wakili ndiye mlinzi wa mlango wa kile anachokiwasilisha. Hapo watu huona kwamba uwajibikaji hauna maana ya kuogopa kutumia. Una maana ya kuweka jina lako chini ya kitu ukijua umekiangalia.

Kampuni nazo hukwepa uwajibikaji. Mwaka 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, lilisikiliza lalamiko la abiria aliyefiwa na bibi yake. Programu ya mazungumzo kwenye tovuti ya Air Canada ilimwambia anaweza kuomba nafuu ya nauli ya msiba baada ya kusafiri; kanuni halisi za kampuni zilisema hapana. Katika utetezi wake kampuni ilidai kwamba programu ile ni kitu kinachojitegemea na chenye kuwajibika kwa maneno yake yenyewe. Baraza lilikataa, likaiamuru kampuni imlipe. Nikisimulia hii darasani huwa kuna mnong'ono, kwa sababu karibu kila mmoja amewahi kuambiwa na karani, "Si mimi, ni kompyuta."

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe. Zoezi la kuuliza unachokijua linafanya kazi kwa sababu kipimo kipo mkononi. Lakini watu hawaendi kwenye mashine saa saba za usiku kuuliza wanachokijua. Wanakwenda na uvimbe shingoni, na barua ya kuhamishwa kwenye nyumba, na mkopo wasiouelewa, na mtoto aliyebadilika tabia. Kila mara ni pale kipimo hakipo, na ndipo jibu lililopangwa vizuri linapotuliza zaidi. Sikubaliani na wenzangu wanaofundisha "usiulize mambo ya afya, kamwe". Watauliza. Mtu aliye mbali na daktari, au asiyeweza kumlipa, kumwambia asiulize ni kumwacha peke yake kwa jina la usalama.

Ninachofundisha ni kutumia mashine kwa maandalizi na kuuacha uamuzi kwa anayewajibika. Ipe majibu ya maabara, baada ya kufuta jina lako, ikueleze maneno magumu yana maana gani. Iambie ikutungie maswali ya kumuuliza daktari. Iombe ikuonyeshe sentensi katika mkataba zinazokubana, kisha uzisome wewe, mojamoja, kwenye karatasi yenyewe. Muuguzi wetu aliweka mpaka kwa maneno makali kuliko yangu: dawa na kipimo chake, hapana. Kuanza au kuacha, hapana. Alisema ameona watu wakija na majibu yaliyokuwa sahihi kwa mtu mzima, wakayatumia kwa mtoto, na mashine haikuwa imeuliza umri.

Kuhusu siri, nilidhani zamani kwamba watu wanamwaga mambo yao kwenye programu hizi kwa sababu ni ngeni. Historia inasema vingine. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alichapisha kazi yake juu ya ELIZA, programu ndogo iliyogeuza maneno ya mtu kuwa maswali, kwa mtindo wa mtaalamu wa nafsi. Haikuelewa chochote. Katibu muhtasi wake, aliyekuwa amemwona akiitengeneza kwa miezi, alianza kuzungumza nayo na baada ya muda mfupi akamwomba bosi atoke chumbani. Tumeumbwa hivyo, kinachotusikiliza bila kutukatiza tunakifungulia. Tofauti ni kwamba maneno ya leo hayabaki chumbani. Yanakwenda kwenye seva za kampuni, huenda yakahifadhiwa, na kwa baadhi ya huduma huenda yakatumika kufundishia matoleo yajayo usipozima kitufe husika kwenye mipangilio. Mwaka 2023 Samsung iliwazuia wafanyakazi wake kutumia programu za aina hii baada ya baadhi yao kubandika humo msimbo wa programu ambao ni siri ya kampuni.

Darasani tunachukua ujumbe halisi, tunaufuta majina, namba, mahali pa kazi, tarehe, kisha tunauliza kama jirani angeweza bado kumtambua mhusika. Mara nyingi angeweza. "Mwalimu mkuu mwanamke wa shule ile yenye kesi" hana jina na bado ni mtu mmoja tu. Ninawakumbusha pia kwamba siri nyingi wanazozimwaga si zao. Ni za mgonjwa, za mwanafunzi, za mke wa kaka, na mwenye siri hakuulizwa.

Kwa sisi tunaoandika Kiswahili kuna jambo la ziada. Mfumo wa lugha wa GPT-3, ulioundwa na OpenAI mwaka 2020, ulisomeshwa data ambayo karibu asilimia 93 ya maneno yake yalikuwa ya Kiingereza. Lugha nyingine zote za dunia ziligawana kilichobaki. Mifumo ya sasa imeboreka sana, na watu wa mtandao wa watafiti wa Masakhane wamefanya kazi kubwa juu ya lugha za Afrika. Hata hivyo, ninawashauri wanaomudu lugha mbili waulize swali lilelile kwa zote mbili na walinganishe. Jibu la Kiswahili wakati mwingine huja fupi zaidi, lenye makosa zaidi, au lenye mifano ya mahali ambako hakuna anayeishi kama msomaji. Nasisitiza hili kwa sababu mtu asiyeeleweka na mashine huwa anajilaumu: labda sijui kuuliza. Mara nyingi anajua. Ni mashine isiyojua kusikia vizuri.

Video na sauti za kughushi nazipitia haraka, kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa huchakaa kabla wino wake haujakauka. Hesabu vidole, angalia masikio, tazama kope: hayo yalifaa kwa picha za miaka iliyopita. Mwaka 2024 ilifahamika kwamba mfanyakazi wa ofisi ya Hong Kong ya kampuni ya uhandisi ya Arup aliingia kwenye mkutano wa video, akamwona mkuu wa fedha na wenzake, akatuma takriban dola milioni 25 za Marekani. Wote aliowaona mle walikuwa wa kughushi. Macho yake hayakuwa na kosa. Kinachosaidia ni taratibu zisizotegemea macho: kata simu, piga mwenyewe namba unayoijua tangu zamani, kubalianeni nyumbani neno moja la siri, haraka ya mtu mwingine isiwe sababu ya wewe kutuma pesa.

Je, serikali zifanye nini? Finland ilionyesha njia moja mwaka 2018. Chuo Kikuu cha Helsinki na kampuni ya Reaktor walitoa kozi ya bure, Elements of AI, isiyohitaji ujuzi wa kuandika programu, kwa lengo la kufikia asilimia moja ya raia. Lengo lilifikiwa, na kozi ikatafsiriwa kwa lugha nyingine za Ulaya. Umoja wa Ulaya ukaenda kwenye sheria: kifungu cha nne cha Sheria ya Akili Mnemba, kilichoanza kutumika 2 Februari 2025, kilizitaka kampuni na taasisi zinazotengeneza au kutumia mifumo hii zihakikishe watu wao wana uelewa wa kutosha. Ni hatua njema, ila tazama inaanzia kwa nani: mfanyakazi, kazini. Mama aliye nyumbani na simu yake, mzee aliyestaafu, kijana asiye na ajira, hao hawana mwajiri wa kuwajibishwa kwa ajili yao. Ndio wanaojaa kwenye madarasa ya kujitolea kama hili letu.

Mzee mmoja wa namna hiyo aliketi nyuma, simu mfukoni, hakuigusa. Nilipomsogelea aliniuliza: "Mwanangu, mimi hii sitaki kuitumia. Itaacha nayo kunitumia?"

Hakuna swali lililonibadilishia mtaala kama hilo. Nilikuwa nikimfundisha mtumiaji tu, na huyu alikuwa akiuliza kuhusu mtu anayeamuliwa mambo yake na mashine. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu ya kibiashara iliyokisia jinsia ya mtu kwa kuangalia uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Wanawake wale hawakuhitaji kuandika swali kwenye programu yoyote ili kosa hilo liwapate. Uholanzi, mamlaka ya kodi ilitumia mfumo wa kukadiria hatari katika kusaka udanganyifu wa ruzuku za malezi ya watoto. Maelfu ya wazazi walishutumiwa bila haki, wengi wao wenye asili ya nchi nyingine, na Januari 2021 serikali nzima ikajiuzulu. Wazazi hao walikuwa wakipata barua tu. Nyuma ya barua hawakujua kuna nini.

Kwa hiyo sasa sehemu ya mwisho ya mafunzo haihitaji simu. Tunaandika barua fupi kwa ofisi iliyokunyima mkopo, ruzuku au kazi: je, uamuzi huu ulitolewa au kupendekezwa na kompyuta? Ilitumia taarifa gani kunihusu, na ninawezaje kurekebisha zilizo na makosa? Ni mtu gani, kwa jina, anaweza kuupitia upya, na nitajibiwa lini? Nchi nyingine zina sheria inayokupa haki ya majibu hayo, nyingine bado, lakini kuuliza kunaruhusiwa popote.

Muuguzi hakuridhika na mpangilio wangu. Alitaka swali la jina lije la kwanza: ukianza na taarifa, alisema, watakutumia karatasi, ukianza na jina, watalazimika kwenda kumtafuta mtu. Mzee wa nyuma akamuunga mkono, wengine wakafuata, na ndivyo barua yetu ya mfano inavyoanza hivi sasa.